Kwenda Great Barr Kugawa Shamba Nisilolijua

Kilichonitoa nyumbani Saltley ni mdomo wangu. Juzi ukumbini Balsall Heath, binti yangu Rehema alitusomea maisha ya Mmarekani mmoja wa karne ya kumi na tisa: tajiri wa ardhi, mwanasiasa, mpinga pombe na utumwa. Ardhi yake ndege akiivuka anazeeka angani! Akawagawia watu weusi maskini bure. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikisikia makofi sijizuii, nikasimama: "Na mimi natoa nusu ya shamba langu la Great Barr!"

"Dad, sit down!" Rehema akaziba uso.

Nimeshachelewa. Jirani yetu Mama Furaha, mtu wa Uvira, kanishika mkono. "Papa Rehema, Mungu akubariki. Niko na mbegu za lenga-lenga, ile munaita mchicha. Wakati wa kupanda ikipita, zinakufa."

Shamba lenyewe ni kipande nilichokodi kwa kaunsili mwaka juzi. Nilikiona mara moja, dirishani mwa gari.

Asubuhi tukapanda basi, yeye na jembe, mimi na suti. Njiani nikamwongezea: Mmarekani aligombea hata urais, kura akapata kiduchu, hata sherehe ya kumtoa mwali kwetu ina watu zaidi.

"Na ile ardhi ilikuwa muzuri?"

"Ya milimani. Baridi na mawe. Wengi iliwashinda."

Akalikumbatia jembe lake mpaka mjini tulipobadilisha basi.

Kufika Great Barr, miiba imenipita kimo. Simba angezaa humo na wajukuu akapata. Nyuma ya uzio barabara kuu ya M6 inanguruma. Mama Furaha akapiga jembe, likalia ngaa! Tofali. Akatoa kifuko cha mbegu, akakitazama, akakirudisha kifuani. Hapo utani ukaniisha.

"Papa Rehema, yule tajiri alikamata jembe pamoja nao?"

"Hilo sikulisikia."

"Basi weye utakamata. Toa koti."

Nikang'oa miiba mpaka suruali ikawa wavu wa samaki. Alasiri tukapata tuta moja, upana wa mkeka wa kuswalia. Akazimwaga mbegu zote, akazifunika kwa kiganja, taratibu, kama anafunika mtoto.

Kurudi, viti vya basi vilikuwa vitupu nami nimesimama, kiuno kimegoma kukunjika. Mama Furaha yuko kwenye simu na dada yake: "Zimeingia mu udongo! Ndiyo, zote!"

Nimejifunza hivi: tajiri akigawa ardhi husifiwa miaka mia. Mimi nimegawa, nimeambiwa Jumamosi nirudi na gambuti.