Twende Kilioni

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini, vidole vyangu huanza kutafuta nywele zinazoteleza.

Shule ya kulipia ilikuwa ya Wahindi watupu, yetu ya serikali ya Waafrika watupu, na uchochoro mmoja tu katikati. Ile ya kulipia ilipofungwa, wanafunzi wake walipelekwa Dar, isipokuwa msichana mmoja. Yeye peke yake akavuka uchochoro, akakalishwa dawati langu, na wiki nzima hakusema na mtu.

Jumapili alinijia nyumbani. "Nisuke kama nyinyi. Kesho mwalimu anakagua vichwa."

Tukaenda kukaa barazani kwao. Kila mstari niliousuka ulifumuka kabla sijamaliza wa pili, tukacheka mpaka bibi yake, aliyejua Kiswahili cha dukani tu, akachungulia.

"Nafanya nini?"

"Namsuka twende kilioni, bibi." Ndilo jina la msuko ule wa mistari ya kwenda kisogoni.

Uso ukambadilika. Akaingia ndani, akatoka kajitanda shela jeupe, mkononi kabeba mfuko wa mchele.

"Haya, twende," akasema. "Msiba kwa nani?"

Tulipomweleza alicheka hata akakaa chini. Mchele akanipa nimpelekee mama.

Asubuhi, kwenye mstari wa ukaguzi, nywele zake zote zilikuwa zimeshafumuka. Mwalimu akasimama mbele yake.

"Wewe hukusuka?"

"Kasuka, mwalimu," wasichana wote wakaitikia.