Siku Mzee Masanja Alipokwama Ndani ya Sweta Langu

Nitawasimulia, ila mnicheke taratibu, maana habari hii imeshazunguka mpaka ikaota mikia ambayo mimi mwenyewe siijui (yupo anayesema mzee alizimia, hakuzimia), na aibu niliyoipata siku ile ilinitosha kabisa, haina haja ya kuongezewa chumvi.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwanaume na ninafuma. Masweta, kofia, soksi, vyote. Nilijifunza nikiwa darasa la tano kule kwetu Kabungu, nilipoanguka kutoka juu ya ghala la mahindi nikavunjika mguu, nikawa nimelala ndani nasumbua watu kwa maswali mpaka mama mdogo akachoka, akachukua spoki mbili za baiskeli, akazisugua ncha kwenye jiwe, akanipa na bonge la uzi akaniambia, "Shika hizi, na ukimya uje nao." Mguu ulipona. Kufuma hakukupona.

Kwa hiyo miaka ile ya tisini nilipokuwa karani wa mizigo stesheni ya Mpanda, nimepanga chumba Nsemulwa, kitanda changu kilikuwa nusu cha kulalia na nusu cha kazi zangu: vikofia vya watoto wachanga wa mtaa mzima (mwanamke akijifungua nilikuwa natumiwa salamu kabla hata ya ndugu zake), soksi ambazo moja huwa ndefu kuliko mwenzake na sijawahi kujua kwa nini, sweta la kijani la mikono mifupi nililolivaa kazini, na daima kulikuwa na mkono mmoja wa sweta unaomngoja mwenzake. Treni haikuwa ya kila siku, na kati ya treni na treni mtu unakaa. Wenzangu walicheza bao, mimi nilifuma.

Minza nilimpata kwa sababu ya kofia. Alikuwa binti wa Kisukuma, kwao Majimoto, amekuja mjini kukaa kwa kaka yake ajifunze cherehani, na siku moja alisimama mbele yangu pale stesheni, akaichukua kofia niliyoimaliza bila kuomba, akaigeuza nje ndani, ndani nje, akauliza, "Mshono wake uko wapi?" Nikamwambia hauna mshono, inafumwa kwa kuzunguka. Akasema, "Haiwezekani." Akakaa chini aone. Basi, ndiyo hivyo, alikaa.

Mambo yalipokomaa, taarifa ikafika Majimoto, na jibu likarudi kupitia kinywa cha Minza mwenyewe: "Baba anasema amesikia unafuma. Anauliza unafuma nini, nyavu?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema masweta. Akauliza, mwanaume mzima?"

Lile swali liliniingia. Nikaona dawa ni moja tu: nimfumie mzee sweta, tena sweta la haki, ili siku ya kwenda kujitambulisha alishike kwa mikono yake aone kama ni mchezo. Minza alinionya kwamba baba yake ni pande la mtu ("akipita mlangoni, ndani kunaingia giza"), na kwamba kipupwe anaamka mapema kwenda zizini na kibaridi kinamtesa. Vizuri. Nikaenda mnadani kwenye mitumba, nikapata sweta moja kuukuu la rangi ya majivu, kubwa, zito kama mtoto aliyelala, nikalinunua ili nilifumue nipate uzi.

Uzi wenyewe ulinishangaza. Nilikuwa nimezoea uzi wa dukani, laini, unateleza. Huu uliwasha shingo, na nilipoulowesha kidogo ili unyooke ukatoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa mvua. Nikaupeleka kwa Mzee Rashidi, mwenye duka ambaye ndiye aliyekuwa akiniuzia nyuzi zangu na ndiye niliyemwomba awe mshenga, kwa kuwa alikuwa akifuata mchele Majimoto na Kisukuma anakijua. Mzee Rashidi akachukua kipande cha uzi wa dukani, akakiwasha kiberiti: kikayeyuka kama mfuko wa nailoni. Akawasha kipande cha uzi wangu: kikanuka nywele zilizoungua.

"Hizi ni nywele," akasema.

"Nywele za nani?"

"Za kondoo, we nawe! Ulidhani za nani?"

Nikarudi nyumbani nimefurahi kama nimegundua madini. Nilifuma lile sweta kwa mapenzi, pana kifuani, shingo ndefu ya kukunja, na nilipolimaliza nililivaa likanifika magotini, tungeweza kuingia mimi na mtu mwingine. Nikasema hapa mzee atapumua.

Tukapanda lori la wafanyabiashara wa mchele, mimi na Mzee Rashidi, sweta nimelifunga kwenye kanga. Tulipofika Majimoto jioni nikafungua kanga, na moyo ukanishuka: kuna dumu la mawese la abiria mmoja lilikuwa likivuja njia nzima, na kifuani mwa sweta kuna doa la rangi ya chungwa, pana kama sahani.

Hapa ndipo penyewe, ndugu zangu. Ningeweza kusugua lile doa peke yake kwa maji baridi na sabuni kidogo, mambo yakaisha. Lakini mama tuliyefikia kwake akasema mawese hayatoki bila maji ya moto, na maji ya moto si yapo pale pale yanatoka ardhini, ndiyo maana mahali pakaitwa hivyo, na mimi (huu ndio udhaifu wangu mkubwa) nikashikwa na hamu ya kuona hizi nywele za kondoo zikiingia kwenye maji ya moto zitafanyaje. Masweta yangu yote nilikuwa nafua kwa maji ya bomba. Nilitaka tu kujua.

Asubuhi na mapema nikaenda kwenye chemchemi. Kule juu yanakotokea huwezi kutia mkono, nikashuka kidogo walipokuwa wakifulia kina mama, nikalizamisha sweta, nikalipaka sabuni ya mche, nikalisugua kwenye jiwe kwa nguvu zangu zote, nikaligeuza, nikalisugua tena. Mama mmoja akanitazama akasema, "Kijana, hilo linakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi." Povu likawa zuri. Doa likaanza kwenda. Nikafurahi, nikasugua zaidi, halafu nikalisuuza kwenye maji baridi niliyochota kisimani.

Nilipolinyanyua nikadhani nimechukua nguo ya mtu mwingine.

Doa lilikuwa limetoka, kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini na sweta nalo lilikuwa limeondoka. Lililobaki mikononi mwangu lilikuwa kitu kifupi, kinene kama blanketi, mikono yake imesinyaa, shingo imefumba kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nikalivuta huku na huku. Nikaita, "Mama, hebu njoo uone!" kwa sauti ya mtu mwenye furaha, kweli, maana kabla ya woga kunifikia nilishikwa na mshangao: vile vitanzi nilivyovifuma kimoja kimoja vilikuwa havionekani tena, vimezama. Yule mama akaja, akatazama, akaniuliza, "Ni la mwanao?"

Hapo woga ukafika.

Tulilinyoosha juani na mawe pembeni mpaka likakauka. Nililijaribu, nikalivaa kwa shida, likanibana mbavu, na mimi ni mwembamba. Nikamwambia Mzee Rashidi twende bila zawadi, nimweleze mzee ukweli. Mzee Rashidi akatikisa kichwa.

"Sikiliza wewe. Zawadi haivaliwi hapo hapo. Inapokelewa, watu wanasema asante, inakunjwa, inapelekwa ndani. Wakija kulijaribu, sisi tuko Mpanda."

Nikakubali. Nilikubali haraka mno.

Nyumbani kwa Mzee Masanja kulikuwa kumejaa. Wazee kwenye vigoda, majirani, kina mama mlangoni mwa jiko, Minza amesimama nyuma yao, na vibuyu vya maziwa ya mgando vimepangwa mbele kwa ajili ya wageni. Kuhusu ukubwa wa mzee mwenyewe, Minza hakuwa amezidisha chochote. Nilipomwamkia, shikamoo yangu ilimfika kifuani. Mzee Rashidi akasema maneno yake vizuri, wakacheka, wakakubaliana, nikaanza kupumua. Halafu akasema, "Na kijana hakuja mikono mitupu," nikatoa sweta.

Mzee Masanja akalipokea kwa mikono miwili. Akalipapasa.

"Limefumwa kwa mkono?"

"Ndiyo, baba."

"Mkono wa nani?"

"Wangu, baba."

Akawageukia wazee wenzake akasema kitu kwa Kisukuma, wakaitikia. Halafu akasimama, akavua koti. Mzee Rashidi akaruka, "Mzee wangu, labda kesho asubuhi, kukiwa na baridi..."

"Na leo nitajuaje kama linanikaa?"

Akatia mikono miwili kwa pamoja, akainamisha kichwa, akasukuma. Mikono ikaingia mpaka kwenye viwiko. Kichwa kikaingia mpaka pale shingo ya sweta ilipoanzia, kikasimama. Akasukuma tena. Kikasimama tena. Basi pale uani amesimama mtu mkubwa, mikono juu kama anayekamatwa, hana kichwa, tumbo nje.

Sauti ikatoka ndani, mbali: "Nimeingia. Sasa kichwa kinatokea wapi?"

Jirani mmoja akashika pindo la chini akavuta kurudi juu. Mzee akapiga kelele kwamba anang'olewa masikio. Mwingine akavuta kwenda chini. Mzee akasema hapumui. Akaanza kutembea, masikini, bila kuona, akipapasa hewani kwa vile viwiko, na kibuyu cha kwanza kikaenda, na cha pili, maziwa yakamwagika mpaka miguuni kwa Mzee Rashidi, na mbwa wa nyumbani ambaye hakumtambua bwana wake akaanza kumbwekea.

"Leteni kisu!" akasema mzee mmoja.

"Hapana!" Nikajitokeza, nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kujiokoa. "Msikate. Mimi nimelifuma, nitalifumua. Nikipata tu mwisho wa uzi, linaisha lote kama mchezo."

Nikapiga magoti mbele ya tumbo la baba mkwe, nikautafuta mwisho wa uzi, nikaupata, nikavuta. Haukuja. Nikavuta kwa meno. Haukuja. Nikaligeuza pindo, nikaanza kulichunguza karibu karibu, na (Mungu anisamehe) nikasahau kabisa kwamba kuna mtu ndani. "Hebu oneni," nikawaambia watu, "nyuzi zimeshikana! Zimekuwa kitu kimoja! Sijawahi kuona!"

Kutoka ndani: "Anasema nini huyo?"

Mke wake akamjibu, "Anashangaa."

"Mwambieni akashangae pembeni! Kisu!"

Kisu kikaja, kile cha kuchunia ng'ombe, wakapasua kuanzia pindoni mpaka shingoni, taratibu, na Mzee Masanja akatoka amelowa jasho, macho mekundu, manyoya ya kondoo yamemjaa kwenye ndevu. Nikangoja kufukuzwa.

Yeye akaokota lile sweta, akatazama lilipokatwa. Akavuta ukingo. Akavuta tena.

"Kwa nini halifumuki?"

"Sijui, baba."

"Si umelifuma wewe?"

"Nimelifuma mimi, baba, lakini sijui."

Akanitaka nieleze nilichofanya. Nikaeleza yote, mawese, maji ya moto, jiwe, maji baridi, naye akasikiliza kwa makini kama mtu anayeelezwa ugonjwa wa ng'ombe. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo ulijua ni dogo, ukalileta."

"Nilijua." Mzee Rashidi alikuwa akitazama viatu vyake. "Niliona aibu kuja mikono mitupu."

"Na sasa aibu imepungua?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Minza. Alicheka mpaka akakaa chini, mama yake akafuata, halafu wazee, halafu uwanja mzima, hata Mzee Rashidi, msaliti yule. Mzee Masanja hakucheka. Alitoa manyoya mdomoni akasema, "Habari ya binti siwezi kuijibu leo. Nimechoka. Rudini mwezi ujao, na uje na linalonitosha."

Nilirudi Mpanda juu ya magunia, na kabla sijashuka vizuri stesheni walikuwa wameshanipachika jina, Bwana Kisu. Baada ya siku kadhaa Minza akaniletea kamba ya kufungia ndama yenye mafundo: hapa kifua cha baba, hapa mkono, hapa kichwa. Nikafuma kwa uzi wa dukani, rangi ya kahawia, na sikulisogeza karibu hata na chai ya moto.

Lilimkaa. Alilivaa mbele yetu, akakunja mikono, akanyoosha, akatoka nalo kwenda zizini bila neno. Nikamwangalia Mzee Rashidi, naye akaninong'oneza, "Tulia. Sasa wataanza kutaja ng'ombe."

Lile la kwanza mama mkwe hakulitupa; alilikata vipande akawa anashikia vyungu vya moto, na alikuwa akiniambia kila nikienda kwamba hajapata kitambaa kizuri kama kile. Nilijaribu baadaye kwa makusudi, kwenye sufuria, na kipande cha uzi ule uliobaki, nikaona tena vitanzi vikizama, na mpaka leo sielewi sawasawa kwa nini kondoo mwenyewe akinyeshewa hasinyai.

Minza ni mke wangu, na hivi sasa nina sweta la mjukuu kwenye sindano, limebaki mkono mmoja. Ila nguo niliyofuma haitoki mikononi mwangu mpaka mwenyewe aje, aivae mbele yangu, na kichwa chake nikione kimetokea upande wa pili. Asiyeweza kuja, nampelekea sukari.