Mwendo wa Andante

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, wazazi wetu walipofariki, lakini kwaya ya parokia sikuiacha. Huko ndiko nilikojifunza maneno ya mwendo wa muziki. Mwalimu wa kwaya aliyaandika ubaoni kwa chaki: lento, andante, allegro. Andante, alisema, wengi wanadhani ni polepole. "Ni mtu anayeenda sokoni asubuhi. Hakawii, hakimbii." Kisha akagonga benchi kwa fimbo, nasi tukatembea kuzunguka kanisa mpaka miguu yetu ikakubaliana.

Vita vilipofika Saio, kwetu, nililikumbuka neno hilo. Ilitubidi kwenda kwa shangazi, huko Marabo, na njiani palikuwa na bariere, kizuizi cha wapiganaji. Majirani walikuwa wametuambia kwamba aliyekimbia mbele yake alipigwa risasi, na aliyejikokota alidhaniwa mpelelezi. Mtoto wa mwisho wa mama yetu nilimfunga mgongoni. Mdogo wangu wa miaka minane, aliyeniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, nilimshika mkono, nikamwambia tutaenda andante, na aimbe moyoni ule wimbo wetu wa matoleo ili asipoteze mapigo.

Hapo nilikosea. Wimbo ule huanza andante, lakini kwetu ngoma huongeza kasi kwenye kiitikio, ili vikapu vifike altareni kabla haujaisha. Na mdogo wangu alikuwa akicheza mbele ya vikapu hivyo kila Jumapili.

Zilipobaki hatua kama thelathini, nilihisi mkono wake ukinivuta. Kiitikio kilikuwa kimeifikia miguu yake. Mpiganaji mmoja alisimama, akashusha bunduki kutoka begani.

Kumkemea nisingeweza, wangesikia. Niliuachia mkono wake, nikakunja ngumi mbele ya kifua chake. Mwalimu alipokunja ngumi, kwaya nzima ilinyamaza, na hakuna aliyeendelea mpaka aifungue. Mdogo wangu alisimama palepale, kisigino kimoja kikiwa bado juu.

"Huyu anakimbilia nani?" mpiganaji aliuliza, akitukaribia.

"Mutoto anachoka, afande. Anataka kufika."

Alibonyeza fuko letu la unga. Alimtazama mtoto mgongoni kwa muda mrefu, nami nikaomba asiamke.

"Munatembea kama walevi," alisema mwishowe. "Haya, mupite."

Nilifungua ngumi. Safari hii hapakuwa na wimbo. Nilimshika tena mkono, nikamgonga kiganjani kwa kidole gumba: moja, mbili, tatu, ine. Mgongo wangu wote ulikuwa ukisubiri risasi, nikawaza kwamba itampata mtoto kwanza. Sasa miguu yangu mwenyewe ndiyo iliyotaka kukimbia.

Tulipokata kona, mdogo wangu alininong'oneza, "Yaya, sasa tukimbie?"

"Bado."

Aliniuliza tena kwenye mto, na tena kwenye mashamba ya mihogo, nikamjibu vilevile. Tuliingia Marabo siku ya pili, kidole gumba changu bado kikigonga.