Siku Tulizomnyima Opio Salamu

Harufu ya mbegu za pamba zilizonyeshewa ikinifikia, hata nikiwa ndani ya gari langu, mwili wote unapoa. Malori manne ninayo hapa Bariadi, na darasa la nne sikumaliza, muulizeni yeyote. Ila hili ninalowaambia sijawahi kujisifia.

Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, kiwanda kipya kilimleta fundi Opio kutoka Uganda. Akapanga chumba uani kwetu. Miezi ya mwanzo alitusalimia kwa Kisukuma cha kuchechemea, mama akicheka hadi machozi. Kisha akanyamaza. Akitoka kazini, nguo zikinuka mbegu za pamba, anakaa kitandani, mlango wazi, macho ukutani.

Asubuhi moja nilimwamkia, "Mwangaluka, baba." Kimya. Nikarudia mara tatu, naye ananitazama tu. Nikaenda kumshitaki kwa baba yangu, nikijiona mkubwa.

Kwetu salamu si mchezo; hata ng'ombe ukimwita jina anageuza sikio. Baba akaita majirani, wakakata shauri: asisalimiwe, asipewe moto wala maji, mpaka alete mbuzi aombe radhi. Mama alisema labda anaumwa. Baba akauliza anaumwa wapi, mbona kiwandani anakwenda?

Wiki ya pili na kiwandani hakwenda. Tulipita mlangoni kwake na ndoo zetu kama tunapita kisiki. Mama aliposhindwa kuvumilia, akaingia na uji, akamkuta amejichafua, midomo imepasuka. Akamwosha kama mtoto. Kiwanda kikampakia kwenye pikapu hadi Mwanza, akapande meli arudi kwao.

"Kiburi kimemwisha," baba akasema.

Mimi sikusikia huruma wala furaha. Nilikwenda kuchunga.

Nilipofika miaka thelathini nikaenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Mwezi wangu wa tano huko, ulimi ukakataa. Jirani yangu Mmalawi alijua Kiswahili kidogo, kila asubuhi anagonga: "Kaka, umeamkaje?" Nilimsikia vizuri kabisa. Jibu nilikuwa nalo, mdomo haukufunguka. Yule bwana hakununa. Aliingia, akakaa, akaniongelea habari za mahindi ya kwao, leo, kesho, mpaka wiki ya tatu nikamjibu.

Kumbe Opio alikuwa anatusikia.

Baba sasa ni mzee sana. Wageni wakija bado anawasimulia jinsi alivyomfundisha Mganda mmoja adabu, nao wanacheka. Mimi hukaa pembeni yake, nikimwongezea chai.