Riwaya Niliyoigonga Mhuri wa Kuondolewa

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, viatu nimeviazima kwa shangazi, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshagombana na mtu. Karani mmoja wa chama chetu cha ushirika pale Mbinga alinicheka, eti mtu wa darasa la saba anaingia maktaba ya chama kufanya nini. Nikamwambia Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa kamusi ambayo herufi A yote imeliwa na mchwa, na bado namshinda. Mkutubi, yaani msimamizi wa maktaba, Mama Komba, akanivuta mkono. "Mwanangu, humu tunagonga vitabu, hatugongi watu." Akanikabidhi mhuri wa tarehe. Tangu siku ile, aliyemsema vibaya Mama Komba alikuwa amenisema mimi.

Nyie wa simu mtauliza mhuri wa tarehe ndiyo nini. Kila kitabu kilibandikwa karatasi ndani ya jalada la nyuma. Mtu akiazima, unagonga pale tarehe ya kurudisha. Ukitaka kujua kitabu kinasomwa au kimelala, unaangalia karatasi ile tu. Palikuwa pia na mhuri wa siri: vitabu vyetu vyote tulivigonga ukurasa wa thelathini na tatu. Mwizi akichana ukurasa wa mbele, sisi tunafungua kule, tumemkamata.

Basi ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakajaa mjini, wakulima wakahamia kwao, ushirika ukaanza kukonda. Bwana Meneja wa chama akaingia maktaba na amri: chumba kinatakiwa, atakodishiwa mnunuzi mmoja aweke magunia.

"Ila mimi si mtu mbaya," akasema. "Vitabu visivyosomwa vitoke kwanza. Jumatano ijayo nakuja. Nikikuta wasomaji, tutazungumza. Nisipowakuta, funguo mezani."

Mama Komba alikuwa kijijini Kingerikiti kwenye msiba. Nikasema leo nitamwonyesha huyu bwana. Nikapekua karatasi moja moja. Kila isiyo na tarehe, kitabu chake nikakigonga KIMEONDOLEWA ukurasa wa kwanza, ili vibaki vile vyenye tarehe nyingi vimpige Meneja machoni. Kimoja kilikuwa riwaya ya Kiingereza ya enzi za mkoloni, jalada limepauka kama kanga ya kubebea mtoto. Karatasi yake nyeupe pee! Nikaigonga mpaka meza ikalia. Mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay akaubeba mzigo wote, kurasa za kufungia samaki.

Mama Komba aliporudi nikampa habari ya Meneja; yeye hakutazama rafu nyingine.

"Kile cha mtu na mdogo wake kiko wapi?"

"Kama hakina tarehe, mama, kimekwenda."

Akakaa. Ndipo akaniambia. Wanawake wanaochambua kahawa kiwandani hawakuwa na kadi ya kuazima. Kadi ilikuwa ya mwanachama, na mwanachama alikuwa mume. Kwa hiyo kila siku saa saba, mimi nikitoka kwenda kula, wao waliingia na mihogo yao, naye akawasomea sura moja, anaigeuza Kimatengo hapo hapo. Kitabu hakikuvuka mlango, ndiyo maana hakikugongwa. Kilihusu dada wawili waliokwenda likizo, wakapanga nyumba ufukweni. Mdogo anaumwa, na kila akinywa uji wa dada yake anazidiwa. Barua anazoandika hazijibiwi. Wanawake walikuwa wamebakiza sura tatu.

"Hao ndio wasomaji wangu," akasema. "Sasa Jumatano Meneja atakuta wanawake wanakula mihogo tu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikadandia lori la kuteremka ziwani, mhuri wa tarehe kikapuni, mkono ulishauzoea. Dukani kwa yule mfanyabiashara nikamkuta dada yake, Bi Zuhura, anafunga usipa kwa kurasa za kitabu cha kilimo cha pareto. Chini ya kiwiko chake, riwaya.

"Shikamoo, bibi. Hicho kitabu chetu!"

"Marahaba. Unatafuta kitabu au ugomvi?"

Nikafungua ukurasa wa thelathini na tatu, nikamwonyesha mhuri wa siri, kifua mbele. Yeye akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye KIMEONDOLEWA.

"Na huu kagonga nani?"

Nikakubali bila ubishi. Wanaonijua hawataamini.

"Mimi."

"Basi ni changu. Na sijafungia hata usipa mmoja. Ila Kiingereza changu kimeniishia pale mdogo mtu anapokuta kabati la jikoni lina kufuli. Siku ya nne nimekwama, hata wateja siwaoni. Nisomee mpaka mwisho, halafu tuongee."

Nikasoma mchana kutwa, nakigeuza Kiswahili, wateja wamesimama wamesahau samaki. Mama mmoja wa kijiji cha Kihagara akawaka: "Huyo dada mkubwa muuaji!"

"Muuaji wa nini?" Bi Zuhura akamkata. "Nani anamwosha mgonjwa? Wewe?"

Nikafunga kitabu. Mama wa Kihagara akajifunga kanga upya, akaondoka bila usipa wake.

"Nawaazima," Bi Zuhura akasema. "Kuazima, si kupewa. Gonga tarehe ya kurudisha."

Nikauzungusha mhuri mwezi mmoja mbele, nikagonga. Tarehe ya kwanza kwenye karatasi ile, na mwazimaji maktaba yenyewe.

Jumatano saa saba Meneja akakuta wanawake wamejaa hadi mlangoni. Akakichukua kitabu, akafungua nyuma, akafungua mbele.

"Tarehe moja! Na kimeondolewa! Mnanichezea?"

Damu ikanipanda. Mama Komba akanikanyaga mguu, akakitoa kitabu mkononi mwa Meneja taratibu, akasoma kama kawaida. Meneja alibaki kasimama. Sura ilipokwisha, kitabu kikafungwa.

"Halafu?" akauliza. "Huo uji una nini?"

"Kesho saa saba, Bwana Meneja. Hapa ni sura moja kwa siku."

Akanigeukia. "Wewe unajua. Sema!"

"Aseme tumchambue kama kahawa mbovu!" mwanamke mmoja akapaza sauti, wote wakacheka.

Nilijua kila kitu. Mdomo wangu huu, nikaufumba.

Alikuja kesho yake. Ijumaa alikuja na kiti chake. Sura ya mwisho ilipokwisha akabeba kiti chake akatoka, na habari ya funguo hakuigusa tena. Magunia ya yule mnunuzi yalikwenda ukumbi wa mikutano.

Nilirithi meza ya Mama Komba, nikaikalia mpaka nikastaafu. Wasaidizi wangu wote niliwafundisha hivi: kabla hujakiondoa kitabu, wiki nzima kula chakula chako cha mchana humo humo maktabani, uone nani anaingia. Nyie mnaohesabu wasomaji kwa kompyuta, nawaambia vile vile, na anayebisha aje tubishane.

Kitabu kilishuka ziwani na kupanda miaka yote ile, karatasi ikajaa, tukabandika ya pili. Wiki niliyostaafu nilikirudisha mwenyewe. Bi Zuhura, miwani puani, akafungua moja kwa moja karatasi ya nyuma.

"Umechelewa siku mbili."

Nilikuwa na sababu mdomoni: mvua, barabara, lori. Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nakisoma.