Ndoo za Babu Hazivuji

Babu yangu alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini, na kitu kilichomkosesha raha duniani ni tone la maji. Akikaribishwa kwa watu, salamu hazijaisha ameshaulizia bomba la jikoni, na sisi tunabaki kuona haya. Mimi ni mjukuu wake, ruhusa ya kumcheka ninayo.

Enzi za uchumba, tajiri mmoja aliyemfungia mabomba alimpa tunda la stroberi. Babu akampelekea bibi kwenye mfuko wa shati, likafika limepondeka. Bibi akalila hivyohivyo. "Nitakupandia zako," babu akaahidi. Bibi akaolewa, akangoja. Mabomba ya watu hayakuisha.

Alipostaafu, babu alinunua miche minne, kila mmoja kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Muuza miche alikuwa amezitoboa ndoo chini. Babu hakuivumilia aibu hiyo. Siku hiyohiyo aliziba kila tundu kwa gundi yake ya mabomba, kazi safi kabisa, akazipanga barazani na kuzimwagilia asubuhi na jioni.

Majani yakageuka manjano.

"Miche ina kiu," alisema babu, akaongeza maji. Mche wa kwanza ukafa, wa pili ukafuata, na wa tatu haukuchelewa. Nilikereka kwa niaba ya bibi.

Wa nne ulipoanza kulegea, bibi aliinama akainusa ndoo.

"Mzee, hii inanuka mtaro. Umeuzamisha mche."

"Mimi sijawahi kutengeneza kitu kinachovuja."

"Basi anza leo."

Babu akaleta drili. Alitoboa huku ametazama pembeni, kama anayechomwa sindano. Maji meusi yakatoka. Tangu hapo, kila asubuhi alitia kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu anamwagilia, ukiwa na unyevu anaondoka. Matone yakianza kudondoka sakafuni, anafungulia redio kwa sauti.

Tunda likaja, moja tu, dogo kama ncha ya kidole gumba. Mzee mzima akalichuma, akalitia kwenye mfuko wa shati, akalipeleka jikoni. Likatoka limepondeka.

Bibi alilila lote, hakutubakizia hata kidogo.

"Ni lilelile," akasema.

Babu alirudi barazani, akaimwagilia ndoo, akakaa kando yake. Matone yakaanza kudondoka. Redio hakuifungulia.