Mtoto wa Buterere Kifuani pa Mama

Baba aliuawa njiani akirudi kutoka sokoni, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mama akiwa na mimba ya mdogo wangu. Waliomuua walikuwa watu wa upande ule mwingine. Kila asubuhi mama alipiga magoti kando ya kitanda, nami nilimsikia akimwambia Mungu waziwazi kwamba kuwasamehe kumemshinda.

Jumapili moja baada ya misa, padri alisimama mlangoni akiwa amebeba kitoto kichanga ndani ya kitenge. Mama wa kitoto hicho, mwanamke wa mtaa wa Buterere, alikuwa hospitali na jeraha la risasi. Baba yake alikuwa ameuawa. Kitoto kilikataa maziwa ya kopo, na sauti ya kulia ilikuwa imekikauka.

"Kuna mama anayenyonyesha hapa?" padri aliuliza.

Wanawake wakainama. Sisi tulikuwa watu wa mtaa wa Nyakabiga, na wote tulijua Buterere ni mtaa wa upande ule mwingine.

Mama akanipa mdogo wangu nimshike. Akakaa kwenye ngazi za kanisa, akampokea yule mtoto, akamweka kifuani. Jirani yetu akamwinamia.

"We mama, hawa si ndio waliua bwana yako?"

"Najua. Lakini mutoto iko na njaa."

Mama alikuwa analia, machozi yakidondokea kichwa cha mtoto, lakini hakumwondoa. Nilimsikia mtoto akimeza. Nilikuwa nimesali maisha yangu yote, ila siku ile niliogopa hata kukohoa, kwa jinsi Mungu alivyokuwa karibu.

Tulikwenda na yule mtoto nyumbani. Baadhi ya majirani waliacha kutusalimu. Kisha vijana wa mtaa wakaja na marungu, wakitaka kumwona huyo mtoto. Fundi wa magari aliyeishi mlango wa pili, Mwislamu, alitoka na mikono yake myeusi kwa oili, akasimama mbele yao.

"Humu muko watoto wa huyu mama, basi," alisema. "Wallahi, apana mutu atapita."

Wakaondoka.

Yule mwanamke alipopona, padri alimleta kwetu. Aliogopa kuvuka kizingiti mpaka mama alipomshika mkono. Aliketi mkekani, akamtazama mwanawe alivyonenepa. Kisha akauliza, "Dada, kwa nini ulifanya hivi?"

"Mi mwenyewe sijue," mama akajibu. "Niliomba Mungu anipe moyo, akanipa mutoto."

Mapigano yalipotulia, tukaitwa Buterere kwenye ubatizo wa yule mtoto, mama akiwa mama wa ubatizo. Tulipita kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, mimi nikijificha nyuma ya mama. Watu walitoka majumbani, wakatutazama. Ndipo yule mwanamke akatukimbilia, akamweka mtoto mikononi mwa mama mbele ya wote, na wanawake wa Buterere wakapiga vigelegele.